Kadi Zilizoitwa Mbovu

4 Februari

Mwanangu Mpekuzi,

Natumai u mzima. Mimi mzima wa kusimama, mengine utayasoma. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya humu ndani inashikwa na kila mwenye kidole, na wakwe zangu wana vidole vingi.

Leo nimeitwa mwongo. Nimeitwa kistaarabu, kwa sauti ya chini, nimepewa na kiti, lakini ni mwongo huyo huyo. Unajua mwaka wa tatu huu nameza dawa za kufubaza virusi, tangu marehemu mume wangu aondoke. Kila siku saa moja asubuhi, kabla sijagusa cherehani. Mwanzoni virusi vilishuka, vikashuka tena kidogo, halafu vikagoma. Sasa vimepanda mpaka elfu kumi na nane kwa kipimo chao.

Mnasihi, yule binti wa chumba namba sita anayetushauri juu ya kumeza dawa, akamwaga chupa yangu mezani akahesabu vidonge. Vilikuwa vile vile vinavyotakiwa kubaki. Unadhani alifurahi? Akasema, "Mama, wanaotupa dawa ndio huja na hesabu iliyonyooka namna hii." Nikamuuliza wenye hesabu iliyopinda anawaambiaje. Akasema hao husahau. Kwa hiyo ukipunguza una kosa, ukikamilisha una kosa.

Novemba walinitoa damu, wakaidondosha kwenye kadi, ikakauka, wakaileta huko huko maabara kuu unakofanya kazi, isomwe kama kirusi changu kimekuwa sugu kwa dawa. Jibu limerudi na muhuri mwekundu: SAMPULI MBOVU. Basi hawana jibu, na wamenitafuta mimi nijaze pengo. Nimepewa fomu. Juu imeandikwa, "Nakiri kwamba sikumeza dawa kama nilivyoelekezwa." Nikisaini naingia darasa la watoro wa dawa, miezi mitatu, ndipo wanibadilishie dawa. Nisiposaini hakuna darasa, na bila darasa hakuna dawa mpya.

Sikusaini. Nimeiacha pale mezani, kalamu yao juu yake.

Wewe ndiye mtu wa maabara katika ukoo huu. Niambie nifanye nini, lakini usiniambie nisaini.

Shangazi yako,
Fundi


13 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu na nina hofu kuliko ninavyoweza kuandika.

Naomba unisikilize bila kukasirika. Dawa unazotumia ni nzuri. Mara nyingi sana virusi vikipanda, ni kwa sababu mtu ameruka siku. Si dhambi. Wewe ni binadamu, una cherehani, una wakwe, una mambo mia. Maabara yetu haikosei ovyo. Kadi ikiitwa mbovu, ujue huko kliniki ilikauka vibaya au iliingiwa na unyevu. Hilo ni lao.

Na kuna jambo nimelibeba muda mrefu. Kwenye msiba wa baba tulilala mkeka mmoja siku tatu. Sikukuona ukimeza kidonge hata mara moja. Sikusema kitu kwa sababu ulikuwa unamlilia kaka yako na mimi namlilia baba yangu.

Saini hiyo fomu, Shangazi. Nani ataisoma? Itaingia kwenye faili, faili itaingia kabatini, na wewe utapata dawa. Nakuomba.

Mwanao,
Mpekuzi


21 Februari

Mpekuzi,

Marahaba yako utaipata nikishatulia.

Nyuma ya tanki la maji. Saa moja asubuhi, siku zote tatu, vidonge nimevifunga kwenye ncha ya mtandio wangu. Nilikwenda nyuma ya tanki ili wakwe wasinione, na nikasimama huko mpaka nihakikishe kidonge kimeshuka, kwa sababu koo langu lilikuwa limekauka kwa kulia. Ulikuwa na haki ya kutoniona. Lakini kukaa miaka miwili na jambo hilo moyoni bila kuniuliza, hilo limeniuma kuliko fomu yao.

Sasa sikia nilichofanya. Jumatatu nilimwomba mkokoteni jirani yangu, nikapakia cherehani yangu, nikaiweka kwenye kibaraza cha kliniki, mbele ya dirisha la chumba namba sita. Mlinzi alikuja na kirungu. Nikamwonyesha mshono wa suruali yake umefumuka nyuma. Tumeelewana.

Kila siku saa moja kamili mnasihi anafungua dirisha, ananikuta nimesimama na chupa mkononi. Nameza mbele yake. Nafungua mdomo. Nainua ulimi, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, kama mtoto anayekaguliwa meno. Halafu nampa daftari la shule na yeye anasaini: tarehe, saa, jina lake. Jumapili nitamgongea kwake, nyumba za wafanyakazi ziko nyuma tu. Siku ya kwanza alicheka. Ya pili alikasirika. Ya tatu alileta kiti.

Nimeamua hivi: mwenye shaka ndiye asaini. Siku thelathini, kisha wanipime tena.

Na kama maabara yenu haikosei ovyo, namba ya kadi yangu ni 417. Itafute, uone huo unyevu uko wapi.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa habari ya msiba. Nilikosa.

Nimeipata namba. Nitafuatilia. Hapa kazi ni nyingi kidogo. Tafadhali kula vizuri, na usikae juani. Nimekutumia fulana mbili za joto na kopo la maziwa.

Mpekuzi


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Fulana zimefika, asante.

Barua yako ina mistari michache, na mmoja ni shikamoo. Ulipovunja kioo cha kabati ukiwa na miaka saba, uliniletea maji ya kunywa bila kuombwa. Nimekunywa maziwa yako huku najiuliza safari hii umevunja nini.

Leo ni siku ya ishirini na tatu. Daftari linajaa. Mnasihi siku hizi hacheki wala hakasiriki, ananitazama tu ulimi ukishainuka, kisha anauliza nimelalaje. Jana alisema taratibu, "Mama, na bado unapungua." Nikamwambia afadhali umeona.

Kukaa kibarazani kuna faida. Watu wa foleni wanakuja na vifungo vyao na zipu zao, na mtu anayesubiri zipu huongea. Mwalimu wa hesabu wa shule ile ya juu, kadi yake ilirudi na muhuri mwekundu. Mpishi wa hosteli, muhuri mwekundu. Kinyozi, yeye mara mbili. Nimewahesabu kumi na mmoja pamoja nami, wengine kwa kusimuliwa tu, Mpekuzi, kwenye kliniki hii hii. Nikamwendea muuguzi anayekausha kadi, mama mmoja makini sana, anazianika kwenye waya mbali na dirisha, anazigusa kwa pembe tu. Kadi za wagonjwa wengine alizokausha siku hiyo hiyo, waya huo huo, zilisomeka.

Sasa unyevu gani huu unaochagua watu?

Darasa la watoro limejaa watu wanaolia. Mwalimu wa hesabu alisaini fomu. Anasema tangu asaini, nyumbani mume wake anamwita mvivu wa kuishi. Mimi nimeapa, hawanipati.

Sema ulichovunja.

Shangazi


19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ni mimi niliyegonga ule muhuri.

Namba 417. Nimeikuta kwenye rejista, tarehe sita Desemba, na herufi za jina langu pembeni. Niligonga kadi kumi na tano mchana ule, moja baada ya nyingine, huku naongea na mwenzangu habari za sikukuu. Huwa hatuoni majina, tunaona namba. Nilijua tangu siku nilipopata namba yako, nikakuandikia habari za maziwa. Naona aibu.

Nikueleze kilichotokea, maana una haki. Virusi hivi si ukoo mmoja. Viko vya koo nyingi, na vinajinakili kwa haraka na kwa makosa mengi, kwa hiyo kila siku kuna vilivyobadilika. Mtu akiwa na koo mbili mwilini, zinaweza kuchanganyika zikazaa kirusi chenye kipande cha huku na kipande cha kule. Ili mashine isome kirusi, kwanza tunatia vipande vidogo vya kukishika mahali tunapopajua. Vipande vyetu vilitengenezwa kwa kufuata koo zilizochunguzwa zaidi mbali na hapa. Wewe ni fundi, utanielewa: tumekuwa tukikatia watu wote gauni kwa kipimo cha mtu mmoja. Kirusi kikiwa na umbo jingine, vipande havishiki, mashine inanyamaza. Kanuni yetu ni kwamba ikinyamaza mara mbili, tunagonga muhuri. Na hatuna muhuri wa TUMESHINDWA KUSOMA. Tuna huo wa MBOVU tu. Miaka miwili nimeutumia na sikuwahi kujiuliza.

Damu yako haikuwa mbovu. Ilikauka vizuri kabisa, nimeiona.

Nimekwenda kwa Mkuu wa maabara, nikamwomba tuzisome upya kadi zote za muhuri mwekundu kwa vipande vingine. Amekataa. Kadi mbovu haihesabiwi kama kosa letu; tukianza kuzifufua, itaonekana tulikuwa vipofu. Halafu akaniuliza, "Nani anathibitisha kwamba hao watu wanameza dawa? Niletee shahidi ambaye si mgonjwa wala si ndugu wa mgonjwa."

Nilikuwa kama yeye, Shangazi. Barua yangu ya Februari ilisema hivyo hivyo.

Shahidi huyo unaye. Mwombe aandike.

Mpekuzi


27 Machi

Kwa Mkuu wa Maabara,

YAH: KADI NAMBA 417 NA NYINGINE KUMI

Mimi ni mnasihi wa ufuasi wa dawa katika kliniki hii kwa mwaka wa sita sasa.

Ninathibitisha kwamba mgonjwa mwenye kadi tajwa amemeza dawa yake mbele yangu siku thelathini mfululizo, bila kuruka, na kila siku nimekagua kinywa chake. Naambatanisha nakala za daftari nililosaini kwa mkono wangu. Baada ya siku hizo tumempima. Virusi vimetoka elfu kumi na nane vikafika elfu ishirini na tatu.

Kwa utaratibu wetu, ningepaswa kuandika kwamba mgonjwa huyu hafuati dawa. Siwezi kuandika hivyo tena, kwa sababu nilikuwepo.

Naandika pia kuhusu wagonjwa wengine kumi wa kliniki hii ambao kadi zao mliziita mbovu. Kwa neno lenu niliwaambia kwamba tatizo ni wao. Wawili kati yao walifariki Januari wakiwa kwenye darasa langu. Wote wawili walinihakikishia kwamba wanameza, nami nikawaambia wafikirie vizuri.

Naomba kadi hizo zisomwe.

Wako mtiifu,
Mnasihi, chumba namba sita


3 Aprili

Kwa fundi sanifu wa maabara, chumba cha vinasaba

YAH: ONYO LA MAANDISHI

Imebainika kwamba siku ya Jumapili, tarehe 29 Machi, uliingia maabara na kutumia vitendanishi kusoma upya sampuli zilizokwisha kutolewa majibu, bila kibali changu. Ulipoulizwa na mlinzi ulijibu, "Nafanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya Desemba." Jibu hilo si la kitaalamu.

Barua ya kliniki imepokelewa na itajadiliwa kwenye kikao cha robo mwaka.

Unaagizwa kukabidhi majibu yote ofisini kwangu na kutoyapeleka popote. Ukikaidi utasimamishwa kazi.

Mkuu wa Maabara


16 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimekaidi.

Vipande vipya nilivichora mwenyewe kwa kufuata virusi vya watu wa huku huku, vichache vilivyowahi kusomwa, na rafiki yangu wa chuo akanitengenezea. Nilichukua kadi ishirini na tisa za muhuri mwekundu, za kliniki yenu na za jirani. Ya kwanza kuitia mashineni ilikuwa 417. Nilisimama mbele ya kioo cha mashine nikiwa sijala tangu asubuhi, na mistari ilipoanza kutokea nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio.

Ishirini na sita zimesomeka. Kumi na tisa kati ya hizo ni kirusi kimoja cha mchanganyiko, ukoo ambao vipande vyetu vya zamani visingeushika hata tungejaribu mara mia. Na wote kumi na tisa, nawe ukiwemo, wana mabadiliko mawili yale yale yanayozuia dawa mbili kati ya tatu zilizomo kwenye kidonge chako. Watu kumi na tisa hawawezi kuzembea kwa namna moja hivyo. Kirusi hiki kinapita kutoka mtu hadi mtu kikiwa tayari sugu. Ulikipokea hivyo. Ulikuwa unameza kidonge chenye dawa moja tu inayofanya kazi, miaka mitatu, na ukaambiwa hujitahidi.

Nimeandika ripoti. Mstari wa kwanza unasema: "Sampuli hizi hazikuwa mbovu. Maabara ilishindwa kuzisoma, na mimi ndiye niliyegonga muhuri." Nimesaini jina langu kamili, nikaipeleka kliniki zote kumi na moja zinazotuletea kadi, na nakala wizarani. Mkuu alinisimamisha kazi kabla ya saa sita mchana. Nimebeba koti langu na kikombe changu. Nipo chumbani, sijutii, ingawa nimelia.

Sasa nakuomba jambo na usiivunje kalamu. Mnasihi ameniandikia pembeni kwamba umefika kilo arobaini na tatu. Hukuniambia. Miezi yote hii unanitania kuhusu maziwa na ulikuwa unayeyuka. Anasema dawa mpya imeidhinishwa bila kupitia darasa, lakini duka la dawa halitoi bila ile fomu, na sentensi ile bado ipo juu, imechapwa.

Umeshinda, Shangazi. Kila mtu anajua umeshinda. Saini. Nimeshamzika baba, siwezi kukuzika na wewe kwa ajili ya sentensi moja.

Mpekuzi


29 Aprili

Mwanangu, jasiri wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Pokea na zile nilizokunyima.

Kumbe kirusi changu ni chotara! Na wakwe miaka yote walidhani mimi ndiye sina asili.

Kilo sikukuambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja nani angekaa na hizo kadi? Usinikasirikie. Tuko sare, wewe ulinificha muhuri.

Jumatatu nilikwenda duka la dawa, kule dirishani mwishoni mwa korido. Nilisimama kwenye foleni kwa kushika ukuta, sitakudanganya. Mfamasia akanipitishia fomu. Sentensi ile ile. Nikamwambia kuna ripoti. Akasema ameisoma, pole sana, lakini fomu ni fomu, mfumo haukubali chupa itoke bila saini. Chupa ilikuwa pale kwenye rafu nyuma yake, naiona, ina jina langu.

Nikaisoma barua yako tena nikiwa nimesimama. Nilikaribia, Mpekuzi. Nataka ujue kwamba nilikaribia. Niliushusha mkono mpaka kalamu ikagusa karatasi. Nikawaza, nikisaini leo, miaka kumi ijayo mtu atafungua kabati hilo, atakuta kwamba mwanamke huyu alikiri, na mwalimu wa hesabu alikiri, na wale wawili wa Januari walikiri. Watahesabu karatasi zetu na kusema watu wa huku hawamezi dawa. Na kirusi kitaendelea kupita, kwa sababu kwenye faili hakipo, tuliopo ni sisi wazembe.

Nikaikata sentensi yao kwa mstari mmoja. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa, mwandiko wangu wa kuandikia vipimo: NILIMEZA. Tarehe. Saini.

Mfamasia akasema hawezi kuipokea. Nikasema nina cherehani kibarazani na sina haraka. Akasema mama tafadhali, watu wanasubiri. Kweli walikuwa wanasubiri, na hakuna aliyesogea kunipita. Wakamwita mnasihi. Alikuja akaisoma fomu, akaniangalia, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika chini ya neno langu, "Nilimwona," akasaini. Akamsukumia mfamasia. Mfamasia akageuka, akaitoa chupa kwenye rafu.

Nimemeza cha kwanza pale pale dirishani, na sikuinua ulimi.

Nilipogeuka niondoke, mwalimu wa hesabu alikuwa nyuma yangu. Akamwambia mfamasia amtafutie faili lake la zamani, lile alilosaini. Halafu akaninyooshea mkono, akaniomba kalamu.

Shangazi yako,
Fundi